Sahihi ya penseli na 38/75: ninunue chapa ipi ya Segonzac?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, ninafanya kazi Lyon, Ufaransa. Katika duka la vitu vya kale nimeonyeshwa chapa (picha zilizochapwa) mbili za mandhari za mchoraji Mfaransa André Dunoyer de Segonzac. Ya kwanza ni ya ghuba ya Saint-Tropez, imo ndani ya fremu, ina sahihi ya penseli na imeandikwa 38/75. Bei yake ni euro 320. Ya pili ni ya shamba na miti, haina sahihi wala namba, na inauzwa euro 60. Muuzaji ananiambia ile ya kwanza ni kitega uchumi kwa kuwa zipo 75 tu duniani. Je, ni kweli? Nitajuaje kama sahihi ni ya msanii mwenyewe? Na nikiipeleka Tanga kuitundika sebuleni, itadumu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nitatanguliza uamuzi wangu, kisha nieleze nilivyoufikia. Usitoe hata euro moja kabla ile chapa ya kwanza haijatolewa kwenye fremu mbele ya macho yako. Ikitoka ikiwa na pambizo zake kamili, ukingo wa bamba, yaani kipande cha shaba kilichochapia picha, ukaonekana umedidimia kwenye karatasi, na vipimo vyake vikalingana na orodha kamili ya kazi za msanii huyo, basi inunue ikiwa unaipenda. Muuzaji akikataa kuifungua, mshukuru na uondoke. Ile ya pili usiidharau kwa sababu tu haina sahihi, kwani huenda ikawa kazi halisi ya mkono wa Segonzac kuliko hata hiyo yenye namba.

Segonzac alizaliwa mwaka 1884 huko Boussy-Saint-Antoine, kusini-mashariki mwa Paris, akafariki mwaka 1974. Kazi ya mabamba alifundishwa na rafiki yake Jean-Émile Laboureur mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa tayari ni mchoraji wa rangi mwenye jina, na tangu hapo hakuiacha: mabamba yake yanazidi 1,500. Mandhari zake ni za sehemu chache alizozirudia maisha yake yote, yaani bonde la mto Morin na vijiji vya karibu na Paris, na upande wa kusini Saint-Tropez na mashamba yake ya mizabibu. Alikuwa na tabia ya kulibeba bamba lake hadi uwanjani na kulichora pale pale mbele ya mto au mti, na ndiyo maana mistari yake ni michache, ya haraka, na sehemu kubwa ya karatasi huachwa nyeupe ili iwe mwanga. Watu wengi huitazama chapa yake mara ya kwanza wakadhani haijamalizika. Mimi naona weupe huo ndio sehemu bora ya kazi zake, nao ndio unaoharibika kwanza karatasi inapopigwa na jua au unyevu, jambo nitakalolirudia nitakapofika Tanga.

Ni lazima ujue chapa ya namna hii inatengenezwaje, kwa sababu majibu ya maswali yako mengi yamo ndani ya utengenezaji wenyewe. Bamba la shaba nyekundu hupakwa varnishi, msanii akaikwangua varnishi hiyo kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha bamba likatiwa kwenye tindikali inayokula pale tu palipokwanguliwa. Wafaransa huiita mbinu hii eau-forte, yaani maji makali, kwa jina la kale la tindikali hiyo. Varnishi ikishaondolewa, wino hupakwa na kupanguswa hadi ubaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu ya bamba, na vyote viwili hupitishwa kati ya rola mbili za mtambo kwa shinikizo kubwa. Karatasi husukumwa mpaka ndani ya mifereji na kuutoa wino huko chini. Kwa hiyo katika chapa halisi mstari wa wino umeinuka kidogo juu ya uso wa karatasi, na ule uliochimbika sana huinuka zaidi ya ule mwembamba. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa karatasi ili mwanga upite chinichini, nawe utaona mistari ikitupa vivuli vyake vidogo. Nakala iliyopigwa kiwandani haitupi kivuli chochote, na ukiitazama kwa lenzi ya mara kumi utaona vitone vilivyopangwa kama chenga.

Kuna mtego mmoja hapa. Wengi hufundishwa kwamba alama ya bamba, ule ukingo uliodidimia kuizunguka picha, ni uthibitisho wa kutosha. Alama hiyo inaweza kupigwa na bamba tupu juu ya picha ya kawaida, na tena ipo mbinu ya kupiga chapa kutoka bamba lililoandaliwa kwa kamera, inayoitwa héliogravure, ambayo huacha ukingo halali kabisa kwa kuwa bamba lipo kweli, ila halikuchorwa na mkono wa mtu. Kwenye héliogravure, mstari ukitazamwa kwa lenzi hukosa kingo safi zilizoliwa na tindikali na huonyesha chembechembe laini hata mahali palipotakiwa kuwa peusi tupu. Tofauti hii haijifunzwi kwa kusoma. Kwa kuwa unaishi Lyon, una bahati: jiji hilo lina makumbusho ya uchapaji, yaliyofunguliwa mwaka 1964, katikati kabisa ya mji. Nenda ukatazame mitambo na karatasi zilizotoka humo kabla hujarudi dukani. Nusu siku ya macho itakufaa kuliko maneno yangu yote.

Sasa nije kwenye 38/75. Namba ya kulia inasema nakala ngapi zilitolewa katika toleo hilo, na ya kushoto inaitambulisha nakala yako, lakini haina maana kwamba yako ilikuwa ya 38 kutoka mtamboni. Karatasi hutoka zikiwa mbichi, huanikwa, hupangwa mafungu mafungu, na msanii huja kuzitia sahihi na namba kwa mpangilio wowote atakaozikuta nao. Mtu anayekutoza zaidi kwa 3/75 kuliko kwa 70/75 anakuuzia hewa, isipokuwa kama bamba ni la mbinu ya ncha kavu, pointe sèche, ambapo sindano hukwangua shaba yenyewe bila tindikali na kuinua ukingo mwembamba wa chuma unaoshika wino na kutoa weusi laini kama mahameli. Ukingo huo hulazwa na shinikizo la mtambo baada ya nakala chache tu, na hapo kweli za mwanzo ni bora kuliko za mwisho. Hata hivyo ubora huo utauona kwenye wino wenyewe, maana namba inaweza kusema lolote.

Isitoshe, 75 si zote. Kando ya toleo lenye namba kwa kawaida huwapo nakala za msanii, zinazoandikwa E.A., nyingine zisizo za kuuzwa, H.C., na ile moja aliyoiidhinisha ili mchapaji aifuate, iliyoandikwa bon à tirer. Huwapo pia nakala za majaribio, ambazo bamba lilichapwa kabla ya kuongezwa mistari, na hizo ndizo wakusanyaji wanazozigombania. Ukijumlisha, toleo la 75 linaweza kuwa na karatasi tisini au mia. Hakuna udanganyifu katika hilo, ndiyo desturi. Ila muuzaji anayeapa kwamba zipo 75 tu duniani, ama haijui biashara yake ama anakuona mgeni.

Tena uhaba huu kwa kiasi kikubwa ni wa kupanga. Tangu katikati ya karne ya 19 wachapaji wamejua kulivisha bamba la shaba utando mwembamba mno wa chuma kwa nguvu ya umeme, na bamba lililovishwa hivyo linaweza kutoa maelfu ya nakala bila kuchoka kwa namna inayoonekana. Msanii anayeishia 75 anaamua kuishia 75. Sheria ya kodi ya Ufaransa huhesabu kuwa kazi halisi za sanaa sanamu za kumiminwa zisizozidi 8 na picha za kamera zisizozidi 30, lakini kwa chapa haitaji idadi yoyote. Inasema tu zitolewe kwa idadi yenye ukomo, kutoka mabamba yaliyotengenezwa yote kwa mkono wa msanii, bila njia ya mashine au ya kamera. Zingatia sharti hilo la mkono, kwani ndilo litakalokusaidia dukani.

Sahihi ni suala gumu zaidi, nami nitakusimulia kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mandhari ya mto, ya msanii mwingine wa Kifaransa, kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Nilikuwa nawahi treni, chapa ilikuwa ndani ya fremu, sahihi ilionekana vizuri nyuma ya kioo, nikalipa. Nyumbani nilipoifungua niliona mkunjo wa zamani kwenye kona ya chini kulia, pale pale penye sahihi, mkunjo ambao ulikuwa umelazwa kwa uangalifu mpaka kioo kikauficha. Nilipouweka chini ya lenzi nikaona risasi ya penseli imeingia ndani ya ufa, kati ya nyuzi za karatasi zilizokatika, na mstari wa herufi umeruka kidogo ulipofika hapo. Kwa maneno mengine karatasi ilikunjwa kwanza, ikachakaa, ndipo ikatiwa sahihi. Chapa yenyewe ilikuwa halisi, imetoka kwenye kitabu, na mtu fulani aliongeza herufi chache ili bei ipande mara tano. Bado ninayo, kwenye droo, na mara kwa mara huitoa nikawaonyesha wanaoanza.

Habari hiyo inaihusu chapa yako ya pili. Segonzac alitengeneza vitabu vyenye chapa halisi ndani yake, na mkubwa kuliko vyote ni Géorgiques, mashairi ya kilimo ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kazi aliyoagizwa na mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard. Vollard alikufa mwaka 1939 kabla haijakamilika, na Segonzac akaja kuitoa mwenyewe mwaka 1947, majuzuu mawili yenye chapa 119 za mashamba, mifugo na miti. Vitabu vya aina hii havikushonwa. Karatasi zilikuwa huru ndani ya jalada, na wauzaji wamezoea kuvitawanya na kuuza ukurasa mmoja mmoja. Kurasa hizo kwa kawaida hazina sahihi, kwa kuwa msanii alitia sahihi kitabu mara moja tu, si kila ukurasa. Shamba na miti bila sahihi kwa euro 60 linanukia kitabu. Igeuze karatasi: ukikuta maandishi upande wa nyuma, au alama ya herufi za chuma zilizoshindiliwa, au karatasi imekunjwa katikati kama ya daftari, basi umepata ukurasa wa kitabu, mistari imetoka kwenye bamba alilolichora yeye, na bei hiyo ni ya haki. Ukikuta ukurasa kama huo una sahihi ya penseli, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Kwa chapa ya kwanza, chombo cha kuaminika ni orodha kamili ya kazi zake za mabamba iliyotungwa na Aimée Lioré na Pierre Cailler, majuzuu 8 yaliyotoka kati ya mwaka 1958 na 1970, wakati msanii mwenyewe bado yu hai. Kila bamba lina namba yake, picha yake, vipimo vyake na maelezo ya hatua zake. Wauzaji makini hukuandikia L.C. na namba, asiyeiandika mwulize, na akikujibu kwamba haihitajiki, hilo nalo ni jibu. Orodha hiyo ni ghali kuinunua, lakini maktaba kubwa za sanaa za Ufaransa huwa nayo, na siku utakayokwenda Paris unaweza kuisoma huko. Kabla ya kuitazama usibabaike ukiona mnara au kilima kipo upande wa kushoto ilhali kwenye picha za kamera kipo kulia. Msanii anayechora moja kwa moja kwenye shaba bila kugeuza kwa makusudi, mandhari yake hutoka kwenye karatasi kama inavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia.

Alama ya maji, yaani alama ya kiwanda iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, nayo itafute kwa kuinua karatasi dhidi ya dirisha. Jina la kiwanda kama Arches au Rives linakuambia karatasi ni nzuri na ni ya mahali panapotarajiwa. Halikuambii zaidi ya hapo, kwa kuwa karatasi hizo zinauzwa mpaka leo kwa yeyote mwenye pesa.

Kisha dai stakabadhi, na hapa sheria iko upande wako. Amri ya serikali ya Ufaransa ya tarehe 3 Machi 1981 inamlazimu muuzaji wa kazi za sanaa, mnunuzi akiomba, atoe stakabadhi yenye sifa zote alizozitaja kuhusu aina, asili na umri wa kitu. Akiandika kwamba kazi ina sahihi ya Segonzac bila kuweka tahadhari yoyote, amejifunga kwamba Segonzac ndiye mwenye kazi hiyo. Akiandika d'après Segonzac, manière de (kwa namna ya) ama genre de (kwa mtindo wa), hakuhakikishii lolote. Maneno hayo mawili, d'après, huandikwa kwa herufi ndogo na kusemwa kwa haraka, na yamewagharimu wengi; maana yake ni kwamba mtu mwingine alitengeneza bamba akifuata picha ya msanii. Iombe stakabadhi iandikwe eau-forte originale, jina la mandhari, namba ya Lioré na Cailler, 38/75 na signée au crayon (imetiwa sahihi kwa penseli), na uangalie uso wa muuzaji anapoandika.

Kuhusu kitega uchumi sitakuficha. Segonzac alikuwa maarufu katika zama zake kuliko alivyo leo. Watu wa kizazi chake waliomsifu walikwisha, na wanunuzi wa sasa wanatafuta majina mengine. Ndiyo maana mfanyakazi wa mshahara anaweza kumiliki mandhari yake yenye sahihi, jambo ambalo kwa Picasso haliwezekani. Ukiinunua leo kwa euro 320 na kuipeleka mnadani mwezi ujao, dalali atachukua fungu lake, na yamkini ukaambulia nusu. Anayetaka faida anunue kitu kingine. Anayetaka kuiona ghuba kila asubuhi kwa miaka thelathini, hiyo ni bei ya jozi mbili za viatu vizuri.

Sasa Tanga. Karatasi ya pamba iliyotunzwa hudumu karne kadhaa, lakini adui zake wote wamekusanyika pwani yetu: unyevu, joto, jua na wadudu. Ukungu huanza kushika karatasi unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 kwa muda, na kwa pwani hicho ni kiwango cha siku ya kawaida, sembuse masika. Matokeo yake ni madoa ya kahawia yanayotawanyika kama kutu, nayo huonekana hasa pale palipoachwa peupe, yaani kwenye anga na bahari ya Segonzac. Madoa hayo mtaalamu wa karatasi anaweza kuyapunguza kwa gharama inayozidi bei ya chapa. Mwanga nao hauponyeki. Makumbusho huwasha taa za chapa kwa kiasi cha luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, giza ambalo mgeni wako sebuleni atauliza kama umeme umekatika.

Ushauri wangu ni uiache Lyon maadamu unaishi huko, na Tanga utundike picha yake iliyopigwa kwa kamera, ukimwambia kila mtu kwamba ni picha. Ukishikilia kuipeleka, isitundikwe ukuta unaotazama bahari wala ule unaolowa mvua ikinyesha. Fremu iachwe nafasi ya sentimita moja ukutani kwa vipande vya koki kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite. Kioo kisiiguse karatasi, na kadibodi ya ndani iwe isiyo na asidi. Ile ya bei rahisi ndiyo inayoacha mstari wa kahawia kuizunguka picha, na nina hofu utaukuta mstari huo ukiifungua fremu ya muuzaji. Karatasi ishikwe kwa vibawaba viwili vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, upande wa juu tu. Selotepu hapana, hata kipande cha ukucha. Na fundi wa fremu, awe wa Lyon au wa barabara ya kumi na mbili pale Tanga, asiruhusiwe kukata pambizo ili picha itoshe kwenye fremu aliyonayo. Chapa iliyokatwa pambizo imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na haina dawa.

Ukienda dukani chukua lenzi, tochi, rula ya milimita na mikono iliyooshwa. Akikubali kufungua, pima bamba, si karatasi: urefu wa kusimama kwanza, kisha upana, kutoka ukingo uliodidimia hadi ukingo uliodidimia. Niandikie vipimo hivyo, pamoja na neno lolote utakaloliona kwenye alama ya maji na picha ya sahihi iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, nami nitakutafutia bamba hilo katika orodha ya Lioré na Cailler.